Mfuko Ambao Sikuushona

Jumanne, 3 Novemba 1953

Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nimeitia mafuta, nimeibembeleza, nimeitukana. Haisikii. Kanzu ya Ta Ladislaus nimeimalizia kwa mkono. Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kidogo. Hataona, macho yake yako kwenye mizani ya kahawa tu. Lakini duka ni lake, na baraza ninayoshonea ni yake, kwa hiyo kesho nitaufumua.

Mchana kaja mgeni. Mzee wa Tabora, jina lake Idrisa. Kofia nyeupe, viatu bila soksi, sanduku la bati limefungwa kamba. Nimempa shikamoo yake, kaketi. Anataka koti. Nikauliza la harusi au la kwenda barazani kwa mkungu, mkuu wa kijiji. Akasema la kazini. Kazi gani? Mazingaombwe.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kanionyesha mkono wa kulia. Vidole viwili hakuna. Vilibaki kwenye mashine ya kuchambulia pamba huko Mwanza. Zamani vidole hivyo ndivyo vilivyoficha yai, kitambaa, chochote, watu wakiwa wanamtazama. Sasa mkono hauwezi. Anataka koti lifanye kazi ya vidole. Akilikosa, atarudi Tabora kukaa mlangoni kwa mwanawe na kulishwa. Alisema hivyo bila kuona haya.

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Jioni ndizi na maharage. Paskazia kaniwekea sahani, katoka. Mimi na mke wangu hatugombani. Tunapishana tu.

Jumatano, 4 Novemba

Nimempima. Kifua inchi thelathini na nane, bega la kulia limeshuka. Kisha kaanza kueleza mifuko. Kumi na miwili! Nimeandika kwenye karatasi, kaniambia niichome. Nimeichoma. Sasa yote iko kichwani, na kichwa kinaniwanga.

Mfuko wa mayai, chini ya kwapa. Mfuko wa vitambaa, ndani ya pindo la mbele, mdomo wake ukitazama chini. Nikamwambia mzee wangu, mfuko unaotazama chini si mfuko, ni tundu. Akasema ndiyo, unashikwa na kitanzi cha uzi, kidole gumba kikipita kwenye kitanzi, kitu kinashuka. Mfuko wa kuku, nyuma, kwenye mkia wa koti. Kuku mzima, na anapumua. Mfuko wa kibuyu cha rubisi. Loo. Pombe ndani ya koti la sufu.

Anataka siri. Kwetu siri haifungwi kwa maneno. Nimemleta nyumbani, nikatoa buni moja kwenye kikapu cha wageni, nikaipasua ganda. Ndani punje mbili, moja yake, moja yangu. Tumetafuna tukitazamana. Wazee wangetia na damu. Padre kakataza damu, buni hakuikataza. Kwa hiyo nimefungwa. Nisimwambie mtu, hata mke.

Niliapa haraka. Nikajiambia, kwani kuna nini tunachoambiana mimi na Paskazia.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimekata sufu nyeusi. Mifuko ya ndani ni ya kaniki, mfuko wa kuku ni wa marekani iliyolegea, nimeutoboa matundu. Nimekaa na mkasi juu ya kitambaa nusu saa nzima bila kukata. Miaka kumi na sita nashona nguo za kumkaa mtu. Hili linatakiwa likae vizuri likiwa limejaa na lionekane tupu. Nashona utupu. Nani alinifundisha utupu?

Mama kapita kutoka shambani. Maneno yale yale. Kile kishati kilicho sandukuni kwa Paskazia kifukiwe. Nguo ya marehemu ikikaa ndani inafunga tumbo. Na Paskazia asipotaka, basi nioe mwingine, yuko binti mmoja wa Nyakahanga, mkulima hodari. Alisema kwa sauti. Paskazia alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Kisu kilinyamaza.

Kishati nilikishona mimi, kwa kipande cha popolini nyeupe kilichobaki. Nilitia vifungo viwili. Cha tatu sikuwahi. Mtoto wetu alikuwa na miezi minane, mwaka juzi. Homa siku tatu, basi. Hajasimama hata dede. Jina lake sijalitaja tangu siku ile, na Paskazia halitaji. Zamani aliniita Baba fulani, kwa jina la mtoto, kama wake wote wanavyoita. Sasa ananiita fundi. Kama mteja.

Mwaka jana alirudi kwao Kituntu, akakaa miezi mitatu. Nilimfuata mara mbili. Akienda tena harudi. Hilo nalijua. Namtaka abaki. Kumwambia sijui nianzie wapi, kwa hiyo naandika hapa, ambapo hasomi mtu.

Jumapili, 8 Novemba

Misa. Padre kahubiri juu ya waganga na wanaowasaidia. Niliona ananitazama. Huenda alikuwa anatazama nguzo iliyo nyuma yangu.

Je, koti ni dhambi? Mifuko ni mifuko. Padre mwenyewe anayo.

Jumanne, 10 Novemba

Jaribio la kwanza. Aibu tupu. Mzee Idrisa kavaa, tukajaza vitu, akawa na nundu tano. Mkia wa koti umefura, kwapa limefura. Ta Ladislaus kachungulia kutoka dukani, kasema huyo mgonjwa apelekwe hospitali. Nilitaka ardhi inimeze.

Mzee hakukasirika. Kasema kosa langu ni kwamba nashona mifuko imara. Nashona kama watu watabeba misumari. Mfuko wake uwe mlegevu, uning'inie kutoka begani, usishikane na koti. Mzigo ubebwe na bega, koti lipite juu. Kumbe! Nimefumua yote. Nimeshona upya mifuko sita kwa siku moja. Vidole vimetoboka.

Alhamisi, 12 Novemba

Leo limekaa. Nimelizunguka mara tatu. Halina nundu. Limejaa na halina kitu.

Kanifundisha kumlaza kuku. Unamwingiza kichwa chini ya bawa, unambembea taratibu kama mtoto, analala. Nilimbembea mimi. Kisha nikasimama naye pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mzee akaniambia fundi, mlete.

Sasa hili siwezi kulielewa. Kuku nimemtia mimi. Mfuko nimeukata mimi, nimeushona, nimeupiga pasi. Mzee kageuka, kapiga mguu chini, kuku huyo mkononi anapepesa macho. Nilipiga yowe. Mimi! Nilijua yuko wapi na bado nilipiga yowe. Sasa kama mwenye kujua anashtuka, kujua kuna faida gani? Nimelala mchana kidogo, nimeamka bado sielewi.

Jumamosi, 14 Novemba

Bitana haikai. Cherehani inaikunja. Yataka mkono mwepesi, na mkono mwepesi hapa ni mmoja, Paskazia. Alifundishwa na masista, mishono yake huioni mpaka uitafute kwa kucha.

Nimeshikiza midomo yote ya mifuko ifungike, nikampelekea. Nimemwambia koti la karani fulani. Uongo. Nilisikia masikio yanawaka.

Kaliweka magotini. Kapitisha kiganja juu ya bitana, polepole, toka begani mpaka chini. Hakuuliza neno. Nikatamani aulize. Nikaogopa asije akauliza. Nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumatatu, 16 Novemba

Jambo dogo, lakini limenikaa.

Nimerudi kutoka gulioni saa sita, nikakutana na Mzee Idrisa anatoka nyumbani kwangu, koti mkononi. Alikuja kulichukua akajaribu. Sawa. Alikuwa anatafuna. Kacheka, kasema, "Fundi, nyumba yako itanimaliza meno kwa buni." Akaenda zake.

Buni gani? Yangu aliitafuna wiki mbili zilizopita.

Ndani nimekuta kikapu cha wageni kiko chini, ganda moja limepasuliwa. Nimemuuliza Paskazia. Kasema mgeni hupewa buni. Kweli, mgeni hupewa buni. Lakini mgeni hupewa kiganja kizima, hapewi moja ikapasuliwa katikati. Na punje ya pili kaila nani? Macho yake yalikuwa mekundu. Moshi, kasema. Moto ulikuwa umezimika.

Najihisi mjinga. Sijui nimekasirika au naogopa.

Jumatano, 18 Novemba

Senene wameanguka! Mwaka huu panzi hawa watamu walichelewa mpaka watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Alfajiri Paskazia alikwenda kuni juu ya kilima, akawakuta kwenye majani ya umande, wachache, na hapakuwa na mtu mwingine. Kaniletea kibuyu kizima, wazima, wanakwaruza ndani. Kwetu mke akileta senene wa kwanza wa mwaka, mume anamtolea nguo. Mwaka jana alikuwa kwao, hakuleta. Mwaka juzi hatukukumbuka senene. Leo kaleta. Nilishika kibuyu kwa mikono miwili. Nikasema asante. Nguo nitamkatia, nimeweka nadhiri.

Halafu nikafanya upumbavu. Mzee Idrisa alikuwa analalamika kwamba mwisho wa mchezo wake ni vitambaa vya rangi, na watu wa huku vitambaa hawavijali. Wazo likanijia lenyewe. Senene! Watoke mkononi, hewani, kabla kijiji hakijawaona. Nikamuuliza Paskazia kama tuwatoe. Akakubali mara moja, haraka mno, kama aliyekuwa anangoja kuombwa kitu kwa ajili ya koti lile. Koti la karani! Kwani anajua?

Nimeshona mfuko wa mkono wa kushoto upya, wa chandarua, unafunguka kwa uzi mmoja. Kazi nzuri. Nimejisifu mwenyewe, hakuna mwingine wa kunisifu.

Jumamosi, 21 Novemba

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani mpangilio hakuna.

Saa nane mchana ghala la kahawa la Ta Ladislaus lilijaa. Msimu umekwisha, magunia hakuna, alilitoa. Wanawake mbele, Paskazia katikati yao. Mzee Idrisa katoka, kanyosha mikono, kafungua koti kulia, kafungua kushoto. Tupu. Hata mimi niliona tupu. Vitambaa, sawa. Mayai matatu, sawa. Kuku, ghala zima likasimama. Kibuyu cha rubisi, akammiminia Ta Ladislaus, naye akaonja, akatangaza kwamba ni rubisi kweli, na juu ya rubisi mtu huyo hasemi uongo. Nilikuwa navimba kwa fahari. Nilitaka kusimama niseme ni mimi.

Kisha akavuta uzi. Senene wakatoka kwenye mkono, wa kijani, wa kahawia, wakaruka usoni mwa watu.

Mzee wa Tabora akasimama akingoja makofi. Maskini, hakujua. Na mimi ninayejua sikufikiri. Watu wamengoja mwaka mzima, unawafungulia senene ndani ya nyumba, halafu unataka wakae kitako wapige makofi? Mabenchi yalipinduka. Katekista kavua kofia ya kukamatia. Wazee wazima wanaparamia kuta. Senene wanne walitua mgongoni mwa Mzee Idrisa, basi mtu akamrukia, na mwingine juu ya huyo. Nikasikia mshono. Mshono wangu naujua kwa sauti. Kwapa la kushoto likaachia. Mayai ya akiba chap chini, vitambaa vikaning'inia mpaka magotini, kibuyu kikabingirika na kipande cha mpira wa baiskeli kinachoshusha rubisi. Siri yote nje, mchana kweupe, na hapana aliyetazama. Hata mmoja. Wote macho juu.

Isipokuwa Paskazia. Senene hata mmoja hakumshika. Alipenya katikati ya watu, akamfikia Mzee Idrisa, akatia mkono ndani ya koti, kushoto, kifuani, akaubana pale. Na mzee hakumwondoa. Aliweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya mkono wa mke wangu, akatikisa kichwa taratibu.

Niliona hayo kwa macho yangu. Wengine wanasimulia senene.

Jumapili, 22 Novemba

Sikwenda Misa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Na nguo yenyewe nimeishona mimi.

Mzee wa miaka sitini! Asiye na vidole! Nimefikiri kila kitu kibaya. Nimefikiri kumwambia Paskazia afungashe aende Kituntu. Nikaona jinsi angefungasha, bila kulia, bila kubishana, na sanduku lake dogo. Nikashindwa. Nimekaa barazani na cherehani iliyofunikwa. Watu wanapita wanacheka, wananiuliza yule mzee wa senene atarudi mwakani? Kumbe wamempenda. Wanadhani ghasia ile ndiyo mchezo wenyewe.

Paskazia kanipa chakula. Kaniuliza, "Fundi, unaumwa?" Nikasema hapana. Ni uongo wa pili.

Mzee kaleta koti jioni, limeraruka. Kaomba radhi kwa kuraruka kwake. Kaitwa Mbarara kwenye sherehe, sifa zimemtangulia mpaka mpakani, lori linaondoka Alhamisi. Nilipokea bila kumtazama usoni. Akasimama kama anataka kusema jambo, akagusa meno yake, akaenda. Sikumwelewa.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimelala na koti mezani. Asubuhi nimelifungua lote nianze upya kwapa. Nikahesabu mifuko. Kumi na mitatu.

Nikahesabu tena. Kumi na mitatu. Nikahesabu kwa kuweka punje ya mahindi kwenye kila mmoja, kama mtoto wa shule. Punje ya kumi na tatu ilikosa pa kuingia.

Upo kushoto, kifuani, katikati ya bitana na sufu. Mdogo, kama kiganja. Hauna mdomo. Umefungwa pande zote nne. Miaka kumi na sita sijaona mfuko usio na mdomo. Uzi mweupe umepakwa masizi usionekane kwenye bitana nyeusi. Mishono huioni mpaka uitafute kwa kucha.

Ni mkono wa Paskazia.

Nilijua ni barua. Au ushanga. Nikajua kabisa. Nikachukua wembe, nikakata upande mmoja, nikatia vidole viwili.

Kishati. Popolini nyeupe. Vifungo viwili.

Nimekaa chini sakafuni. Ta Ladislaus kapita, kauliza nimepoteza sindano? Nikasema ndiyo.

Sielewi. Hasira imeondoka na mahali pake sijui pamekaa nini. Kwa nini kwa huyu? Kwa nini kwenye koti la mtu wa njia? Kama alitaka kukiondoa, si kuna ardhi? Kama alitaka kukitunza, si kuna sanduku? Kishati kiko kwenye mtoto wa meza ya cherehani sasa. Nimefungua mara nane kukitazama. Ni kidogo kuliko nilivyokumbuka. Ni changu pia. Nilikishona mimi. Simpi mtu.

Jumanne, 24 Novemba

Nimekiweka mezani, kati ya sahani yake na yangu. Sikuwa na maneno, nikaweka kitu.

Paskazia kakiona. Kwanza akasema, "Kirudishe." Ukali huo sijausikia miaka miwili. Kisha akaketi, na akasema yote, akiwa anatazama ndizi.

Koti aliligundua siku ile ile, kwa kiganja. Kasema nilishikiza midomo ya mifuko vizuri lakini mifuko yenyewe ilining'inia, na koti la karani haliwezi kuwa na mfuko wa kuku. Akamngoja mzee. Akamuuliza kama koti hili linaweza kubeba kitu ambacho hakitatolewa kamwe. Mzee akamwambia watu wote humwomba atoe, hakuna aliyewahi kumwomba afiche. Akakubali. Paskazia akampasulia buni, punje moja yake, moja ya mzee, asimwambie mtu, hata mume.

Nikaangua kicheko. Sikukusudia. Buni mbili, kikapu kimoja, mzee mmoja katikati, na sisi wawili kila mtu kwenye pembe yake amefungwa mdomo. Naye akacheka kidogo, kisha akaacha.

Nikauliza kwa nini asizike. Kasema ardhini ameshawekwa mtoto, hatamweka mara mbili. Kwa nini asitunze? Kasema kila akifungua sanduku kipo pale pale, kimekunjwa vile vile, na mama anakisubiri na jembe. Akasema, "Hakuwahi kutembea. Nilitaka atembee." Mzee anafika Mbarara, Kampala, anazunguka kila mahali. Basi na atembee.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya migomba, kwa sauti. Sijawahi kulia kwa ajili yake. Nililia kama mlevi. Sioni haya kuandika.

Jumatano, 25 Novemba

Nimeshona kwapa. Mshono wa mara mbili, hata wamrukie watu kumi.

Kisha kishati. Nimetafuta kwenye kopo la vifungo saa nzima. Nimepata kinacholingana, cheupe, tundu nne. Nimekishona cha tatu, mahali pake, pale chini. Nimefunga vifungo vyote vitatu. Nimekikunja.

Mfuko wake sikuufunga peke yangu. Nimempelekea Paskazia koti nyumbani. Yeye kashikilia kitambaa, mimi nikashona upande nilioukata. Mishono yangu ni mikubwa kuliko yake. Yeye kaitazama, nikadhani ataifumua. Kaipaka masizi.

Nimekwenda kwa mama. Nimemwambia kishati hakipo tena sandukuni, asiulize kimekwenda wapi. Na habari za binti wa Nyakahanga ziishe leo. Mama kafungua mdomo. Nikasema shikamoo mama, nikaondoka kabla hajaitikia. Ni utovu wa adabu. Kesho kutwa nitampelekea kibuyu cha maziwa.

Alhamisi, 26 Novemba

Lori limeondoka saa tatu. Mzee Idrisa kakaa juu ya mizigo, koti mwilini, limejaa na halina kitu. Alinishika mkono kwa vile vidole vitatu. Akasema mifuko kumi na miwili ni ya mkate wake, ule mmoja hatauvuta, na akifa azikwe na koti. Akagusa kifua kushoto. Akampungia Paskazia, naye alisimama karibu nami, si nyuma yangu.

Tulitazama mpaka vumbi likaisha. Paskazia alikuwa anasema kitu kidogo kidogo. Nikafikiri anasali. Anahesabu. Omurushaka, kasema, kisha mto, kisha Mbarara. Kampala ni siku ngapi? Sijui, nikamwambia. Sijawahi kufika.

Bado sielewi. Najua kilipo, kama nilivyojua kuku alipo. Sijui kwa nini kifua kimekuwa chepesi.

Jumapili, 29 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Misa, kisha nyumbani. Senene wengi sasa, nyumba zote zinanuka senene wa kukaanga.

Nimetandika kitambaa cha nguo ya Paskazia mezani. Bluu, na maua madogo. Nguo ya senene, nilikuwa nimeweka nadhiri. Nimempima mwenyewe. Kapungua kiuno. Alisimama na mikono juu mpaka nikamaliza, hakuwa na haraka.

Kataka kukata mwenyewe upande wa kola, ananiambia mimi hukata kola kubwa. Tumebishana kidogo. Kashinda.

Kisha akatafuta mezani, chini ya meza, kwenye kikapu. Akaniuliza, "Baba Gosbert, mkasi umeuweka wapi?"

Nikamwambia uko dirishani.